Wafremeni: kabila ambalo halijawahi kuwapo

Kuna kabila moja la wahamaji wa jangwani ambalo vijana wengi wa mjini wanalijua vizuri kuliko wanavyowajua Watuareg wa Sahara au Wabeja wa Sudan. Wanajua linavaaje, linaapaje, linapigana vipi na linazika vipi. Linaitwa Wafremeni. Tatizo ni dogo tu: kabila hilo halipo na halijawahi kuwapo. Limetoka kichwani mwa Mmarekani mmoja, Frank Herbert, katika riwaya yake Dune iliyotoka mwaka 1965. Walioikosa riwaya wameona filamu: ya David Lynch ya mwaka 1984, au zile za Denis Villeneuve za mwaka 2021 na 2024.

Sasa utaniuliza, historia inahusikaje na kabila la kubuni? Inahusika sana. Mtu hawezi kubuni kabila zima kutoka hewani. Lazima achukue mahali. Na ukifuatilia alikochukua, unajifunza jinsi watu wa mjini walivyowatazama wahamaji kwa karne nyingi.

Kwanza tumjue mwenyewe. Herbert alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa uandishi wa habari magazetini. Mwaka 1957 alikwenda Florence, jimbo la Oregon, kufuatilia habari ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyokuwa ikipanda nyasi ili kuzuia mchanga wa pwani usihame na kufukia barabara na nyumba. Makala ile haikuchapishwa. Waandishi wenzangu mnayajua hayo, habari unaihangaikia halafu inaishia kwenye droo. Lakini Herbert hakuiachia hapo. Aliendelea kusoma habari za majangwa na watu wake, mpaka ikazaliwa riwaya. Wachapishaji zaidi ya 20 waliikataa. Aliyeikubali alikuwa Chilton, kampuni iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya kutengeneza magari!

Turudi kwa Wafremeni. Wanaishi katika sayari ya Arrakis, ambako mvua hainyeshi kabisa. Mila zao zote zinazunguka kitu kimoja, maji. Wanavaa suti inayokusanya jasho na pumzi na kuyarudisha kuwa maji ya kunywa. Mtu akifa, maji yaliyomo mwilini mwake hukamuliwa na kuwa mali ya jamii. Kumlilia marehemu ni jambo zito mno, maana machozi ni maji unayompa aliyekufa. Na mtu akikutemea mate mbele yako usikasirike, amekuheshimu, kwa sababu amekupa sehemu ya maji yake.

Hapo msomaji wa Ulaya hushangaa. Msomaji wa Tanzania hatakiwi kushangaa sana. Kwa Wamaasai mzee hubariki kwa kutema mate, hata kwa mtoto mchanga, na Wamaasai si kabila pekee la Afrika Mashariki lenye mila hiyo.

Mila nyingine: ukimuua mtu katika pambano la haki, mke wake na watoto wake wanakuwa jukumu lako. Kila mtu ana jina la ndani, linalojulikana na watu wa maskani yake tu, na jina la hadharani. Kisu chao hutengenezwa kwa jino la mnyoo mkubwa wa jangwani, na kikishachomolewa hakirudi alani bila kuonja damu. Kijana anahesabika mtu mzima akiweza kumpanda mnyoo huyo kama sisi tunavyopanda daladala, ila yeye anatumia kulabu.

Lakini kinachomgusa zaidi msomaji wa Kiswahili ni maneno. Kiongozi wa maskani ya Wafremeni anaitwa Naib. Ndiyo, naibu! Wa kwetu hufungua semina na kukata utepe, wa kwao ameapa kutokamatwa na adui akiwa hai. Shujaa wa hadithi anapewa jina la Muad'Dib, ambalo kwa Kiarabu lina maana ya mwalimu anayefunza adabu. Askari wake wa kujitoa mhanga ni Fedaykin, shina lile lile la neno letu fidia. Nabii wanayemngojea ni Lisan al-Gaib, yaani ulimi wa ghaibu. Wanavaa juba. Wazungu wanaosoma riwaya hii huhitaji faharasa ya nyuma ya kitabu. Mtoto wa Tanga au Lamu anafika nusu ya njia bila kuifungua.

Maneno hayo hayakutoka Uarabuni moja kwa moja. Mengi yanaonekana katika kitabu cha Lesley Blanch, The Sabres of Paradise, cha mwaka 1960, kinachosimulia vita vya Imam Shamil na watu wa milima ya Caucasus dhidi ya Urusi. Shamil aliongoza vita hivyo tangu mwaka 1834 mpaka alipokamatwa mwaka 1859, na wilaya zake zilitawaliwa na wakuu walioitwa manaibu. Neno maskani ya Wafremeni nalo, sietch, linafanana na ngome ya Wakozaki wa Zaporizhia kule Ukraine, iliyoitwa Sich. Kwa hiyo Mfremeni ni mtu wa mchanganyiko: Mbedui kidogo, Mdagestani kidogo, Mkozaki kidogo.

Kuna kidokezo kingine ambacho wengi hukipita. Kitabu cha mwongozo wa dini cha Wafremeni kinaitwa Kitab al-Ibar. Hilo ni jina la kitabu cha historia cha Ibn Khaldun, mwanazuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406. Katika utangulizi wake maarufu, Muqaddimah, alioukamilisha mwaka 1377, alieleza kwamba watu wa jangwani wana mshikamano mkali unaoitwa asabiya, kwa sababu bila kushikamana hawaishi. Mshikamano huo huwapa nguvu ya kuuteka mji. Wakishautawala mji, raha huwalegeza, mshikamano unakufa, na baada ya vizazi kama vitatu wanakuja wengine kutoka jangwani kuwang'oa.

Hiyo ndiyo hadithi ya Wafremeni mwanzo hadi mwisho. Wanamfuata mgeni waliyeaminishwa kuwa ni nabii, na imani yenyewe ilipandikizwa kwao zamani na wageni waliojua siku moja itawafaa. Wanashinda. Wanateka sayari baada ya sayari. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 1969, waliokufa katika vita hivyo wanahesabiwa kuwa bilioni 61. Mpiganaji mmoja mzee anasimulia kwamba alikwenda vitani kwa hamu ya kuiona bahari, kitu alichokuwa akikisikia tu. Aliiona, akaingia ndani yake, akatoka hana hamu tena ya vita. Sijui kama kuna maelezo mazuri zaidi ya jinsi askari anavyochoka.

Kitabu cha nne, cha mwaka 1981, ndicho kinachouma. Miaka 3,500 imepita. Jangwa limegeuka kijani, maji yapo tele. Wafremeni waliobaki wanaitwa Wafremeni wa Makumbusho. Wanavaa mavazi ya zamani, wanafanya matambiko ya zamani, lakini hawajui tena maana yake. Mtawala anawatunza kama mapambo. Herbert hakuwaua kwa risasi, aliwaua kwa kuwahifadhi.

Nikisoma hapo nafikiria nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache shuka na wavae suruali, kwamba mavazi yao yanatia aibu taifa linaloendelea. Leo shuka hiyo hiyo iko kwenye matangazo ya utalii. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti na kuambiwa nafasi yao ni Ngorongoro. Mwaka 2022 familia zikaanza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Sitaki kuingia leo katika hoja za mifugo na uhifadhi, kila upande una takwimu zake. Ninachosema ni kwamba katika mjadala ule wengi wetu wa mjini tulizungumza habari za mfugaji kama Mfremeni, ama shujaa wa kwenye picha, ama tatizo la kutatuliwa. Kama jirani mwenye akili zake, mwenye sababu za kuhama, ilikuwa nadra.

Na sababu zipo. Mfugaji hahami kwa sababu anapenda kutangatanga. Anafuata mvua na majani, na anaacha malisho ya nyuma yapumzike. Herbert, pamoja na kukopa huku na huko, alilielewa hilo: kila mila ya Mfremeni ina sababu yake katika mazingira, na maji yakibadilika mila inabaki maigizo.

Ndiyo maana naona riwaya hii inatudai. Mtu anayeweza kukueleza sheria za maji za kabila la kubuni kwa nusu saa, lakini hajui kwa nini Mbarabaig au Mturkana anahama mwezi fulani na si mwingine, bado hajamaliza kusoma. Wafremeni hatuwezi kuwauliza. Hawa wengine tunapanda nao basi moja. Tunangoja nini kuwauliza?