Tanzam: Barabara ya Mizigo Iliyogeuzwa Mtaa

Basi likigongana na lori kati ya Mikumi na Tunduma, taarifa ya kwanza hutaja mwendokasi na uzembe wa dereva. Mara nyingi taarifa hiyo ni ya kweli, ila inaanza kusimulia habari ikiwa imefika ukingoni. Anayetaka kuelewa kwa nini barabara ya Tanzam, yenye zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Zambia, imezika watu kizazi baada ya kizazi, hana budi kurudi kwenye miaka ya 1960 aone ilijengwa kwa ajili ya nini, kisha aone jinsi watu walivyoletwa kuishi kando yake. Barabara hii ilijengwa kwa kazi moja, nayo ni kupitisha mizigo. Muda si mrefu dola ileile iliyoijenga ikaibebesha kazi ya pili, kuwa mtaa wa vijiji. Kazi hizo mbili hazijapatanishwa hadi leo, na maadamu hazijapatanishwa, kumrekebisha dereva peke yake hakutatosha.

Chanzo chake ni siasa za kusini mwa Afrika. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa imetimiza mwaka mmoja tu wa uhuru wake, ilitegemea njia za kusini kusafirisha shaba na kuingiza mafuta. Mwezi uliofuata mafuta yakakatika. Ikabidi yapelekwe kwa ndege, na kwa mapipa yaliyopangwa juu ya malori yakipandisha kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, kwenye njia ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Waandishi wa Kiingereza wa wakati huo waliiita njia ya jehanamu, na kwa madereva waliokesha bondeni wakingoja tope likauke jina hilo halikuwa la kutia chumvi. Mwaka 1966 nchi hizi mbili ziliunda kampuni ya pamoja ya malori, Zambia-Tanzania Road Services, kwa ubia na Waitaliano. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kusukuma mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia. Lami ikafuata, kipande kwa kipande, kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 lori liliweza kutoka bandarini hadi Tunduma bila kukanyaga tope. Yalikuwa mafanikio makubwa, na Zambia ilinusurika kwa sababu yake. Ila mahesabu ya wahandisi yalikuwa ya tani, ekseli, madaraja na ukali wa mteremko wa Kitonga. Mtu anayevuka kwenda shambani na jembe begani hakuwa sehemu ya mahesabu hayo, kwa kuwa katika maeneo mengi makazi yalikuwa machache na yametawanyika mbali na lami.

Hali hiyo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa, na maofisa waliobanwa na muda walichagua mara nyingi sehemu zinazofikika kwa gari, yaani kandokando ya barabara. Kwa upande wao sababu zilikuwa za msingi. Palipo na barabara ndipo mahindi ya msaada yangefika, ndipo mwalimu na mganga wangekubali kupangiwa kazi, ndipo kisima kingechimbwa haraka. Nyumba zikapangwa kwa mistari zikitazama lami. Matokeo yake yanaonekana hadi leo katika vijiji vingi: nyumba ziko upande huu, shule upande ule, zahanati hapa, mashamba ng'ambo. Kila shughuli ya siku ikawa na kuvuka ndani yake. Baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, kando ya barabara kukawa soko. Ruaha Mbuyuni pakajulikana kwa vitunguu, Ilula kwa nyanya, Makambako na Uyole kwa kila kitu. Basi likipunguza mwendo, wauzaji hulikimbilia wakiwa wameinua ndoo za nyanya na mafungu ya vitunguu hadi usawa wa dirisha, huku lori la pili likija nyuma ya basi hilo kwa kasi ambayo barabara yenyewe inamruhusu dereva wake kuitumia.

Hapo ndipo hoja ya uzembe wa dereva inapostahili kupimwa kwa haki. Wanaoitetea wana ushahidi. Ajali za mabasi ziliwahi kufikia hatua ya kuifanya serikali izuie safari za usiku, zuio lililodumu miaka mingi hadi kuondolewa mwaka 2023. Mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi kwa setilaiti ulioletwa na SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri, na ambao sasa unasimamiwa na mrithi wake LATRA, umewafanya madereva wengi wa mabasi waogope kuvuka mwendo wa kilomita 80 kwa saa ambao Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imewawekea. Trafiki wa tochi nao wamesaidia. Sina sababu ya kuyabeza haya. Lakini sheria hiyohiyo inataka mwendo usizidi kilomita 50 katika eneo la makazi, na hapo tochi inamkamata aliyekosea siku ambayo askari yupo, wakati mtoto anavuka siku zote. Zaidi ya hapo, dereva huendesha kwa kusoma barabara aliyonayo mbele ya macho. Lami iliyonyooka, pana, yenye mabega ya kupumulia, inamwambia akanyage mafuta. Kibao kimoja cha 50 hakiwezi kushindana na ujumbe huo. Kwa mwendo wa kilomita 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, na dereva makini kabisa atakuwa amesafiri mita nyingi kabla mguu haujafika kwenye breki. Kosa ni la binadamu, ndiyo. Kama kosa hilo litaishia kwenye breki za kelele au kwenye msiba, hilo linaamuliwa kwa kiasi kikubwa na umbo la barabara.

Ushahidi wa hili upo, na hatuhitaji kuufuata Ulaya. Nchini Ghana, kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, palikuwa na makutano ya Suhum yaliyojulikana kwa kuua. Yalipowekewa rasta za kumshtua dereva na kumlazimisha apunguze, ajali zilishuka kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa takriban asilimia 55. Madereva walikuwa walewale, waliofundishwa vilevile na kulipwa vilevile. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukipungua kwa asilimia 5 tu, ajali zenye vifo zinaweza kupungua kwa asilimia 30. Hiyo ndiyo sababu dakika chache ambazo lori linazipoteza kijijini zina thamani kubwa mno upande wa pili.

Tanzania yenyewe imeshawahi kukubali hoja hii, ila kwa wanyama kwanza. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na Tanzam inapita katikati yake kwa takriban kilomita 50. Hapo msafiri anakutana na matuta, rasta, vibao vya kupunguza mwendo, na bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa, kuanzia tembo na twiga hadi wadogo. Nani aliye mgeni katika eneo hilo halijadiliwi: wanyama wako nyumbani, gari linapita, basi gari ndilo lijirekebishe. Mpangilio huo ni mzuri na ni vyema uendelee. Ninachodai ni kwamba mantiki yake ivuke mpaka wa hifadhi. Doma, Ruaha Mbuyuni, Igawa na Chimala nako ni nyumbani kwa watu, na gari linalopita huko linastahili kupokelewa na barabara inayomweleza dereva, kabla hajaona nyumba ya kwanza, kwamba sasa ameingia kijijini.

Matuta yana wapinzani, na si wote wanaosukumwa na haraka zao tu. Mwenye semitrela atakuonyesha springi zilizokatika na mafuta yanayoungua kila anapopanga gia upya. Mfanyabiashara wa Lubumbashi au Lusaka atakukumbusha kwamba ushoroba wa Dar es Salaam unashindana na bandari nyingine. Malalamiko haya yana ukweli ambao watetezi wa matuta tumekuwa tukiuruka. Tuta lisilo na rangi, lisilotanguliwa na rasta wala kibao, ambalo dereva wa usiku analigundua likiwa limeshamrusha, ni hatari mpya iliyoongezwa juu ya ile ya zamani. Na mengi ya matuta yetu yalizaliwa kwa shinikizo: mtoto anagongwa, wananchi wanapanga mawe na matairi barabarani, mkuu wa wilaya anafika, tuta linamwagwa. Ndiyo maana yamekaa palipowahi kutokea msiba, wakati mwingine mita mia mbili kutoka mahali watu wanapovuka kila siku. Njia ya kuyajibu malalamiko hayo ni kulijenga jambo zima kwa mpango: rasta za tahadhari mbali kidogo na kijiji, kibao, tuta pana lenye mteremko mpole ambalo lori linalipita bila kuvunjika, kivuko kilichoinuliwa mbele ya shule, taa, njia ya miguu iliyotengwa na lami, na eneo la kuegesha lililo nje ya barabara ili basi na mnunuzi wa vitunguu wasikutane kwenye njia ya gari linalopita. Hayo yakiwa kwenye mkataba wa ujenzi tangu mwanzo, hayapandishi gharama kama yakibandikwa baadaye.

Wengine husema dawa ni barabara za mchepuo. Kwa mji mkubwa inawezekana. Lakini historia ya Iringa inatahadharisha. Mji wenyewe uko juu kilimani na Tanzam inapita chini yake. Hata hivyo Ipogolo, pale chini barabarani, pamejaa nyumba, maduka na vituo vya magari, kwa kuwa riziki hufuata njia. Mchepuo usiolindwa kwa matumizi bora ya ardhi huzaa mtaa mpya baada ya miaka michache, na waliobaki kwenye mtaa wa zamani hupoteza wateja.

Kuna hoja nzito kuliko hiyo, inayosemwa kwa ukali: wananchi wamevamia hifadhi ya barabara, basi waondoke. Alama nyekundu za X zinazotangaza bomoabomoa kwenye kuta za nyumba ni hoja hiyo ikiwa imeandikwa kwa rangi. Wapo kweli waliojenga mabanda hadi ukingo wa lami wakijua wanachofanya, na usalama wao wenyewe unadai wasogezwe. Ila neno uvamizi haliwezi kutumika kwa wote. Familia nyingi zilipelekwa kando ya barabara na serikali katika miaka ya 1970, wengine bila hiari yao. Tena Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, hivyo watu waliolala wakiwa nje ya hifadhi waliamka wakiwa ndani. Barabara ndiyo iliyowafuata, na haki yao ya fidia ni sehemu ya mjadala wa usalama: mtu anayeogopa kubomolewa bila malipo hatashirikiana na mhandisi anayekuja kupima mahali pa kuweka kivuko.

Mzigo nao umeongezeka kupita matarajio ya waliochora ramani. Reli ya TAZARA kati ya Dar es Salaam na Zambia, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilikusudiwa kuweza kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa ikibeba chini ya tani 100,000. Shaba, mbolea na makontena ambayo yangepita kwenye reli yanapita Ilula na Mbalizi yakiwa kwenye semitrela. Changarawe karibu na Mafinga, Machi 2015, kontena liliangukia basi na kuua zaidi ya watu 40. Msamvu mjini Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka kandokando ya barabara palipojaa watu. Waliokimbilia na madumu na waliopita tu waliungua, na zaidi ya 100 walifariki. Waliofariki Msamvu walilaumiwa sana kwa kuchota mafuta. Lawama hiyo haijibu swali la kwa nini malori ya mafuta bado yanapita katikati ya stendi, bodaboda na maduka. Kufufua TAZARA kwa kawaida kunajadiliwa kama suala la biashara ya kikanda, na ningependa lihesabiwe pia kwenye vitabu vya usalama barabarani, maana kila behewa linalobeba kontena linapunguza lori moja kijijini.

Sasa Tanzam inapanuliwa. Mbeya, kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29 zinajengwa kuwa njia nne, na wakazi wameipokea kazi hiyo kwa matumaini kwa sababu msongamano wa Mwanjelwa na Mafiat unawatesa. Njia nne zitatenganisha magari yanayokuja na yanayokwenda, hivyo migongano ya uso kwa uso itapungua. Lakini mama anayevuka na mzigo kichwani atavuka lami pana maradufu, mbele ya magari yenye nafasi ya kukimbia zaidi. Swali la kumuuliza mkandarasi na TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, kabla lami ya mwisho haijamwagwa ni la wazi: kutoka shule moja hadi nyingine, kutoka soko moja hadi kituo cha daladala, vivuko viko wapi, vina umbali gani kati yao, na taa zake zitawashwa na bajeti ya nani?