Kujikongoja na Kongwa: Tahadhari Juu ya Asili ya Maneno

Mtaa wa Mbotela, katika Mashariki ya Nairobi, ulipewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa mwaka 1952. Ukoo wake ni ule wa Freretown, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. James Mbotela, wa ukoo huohuo, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotolewa mwaka 1934. Mchunguzi wa lugha anayeikumbuka historia hiyo aweza kuvutiwa na dhana kwamba kitenzi "kujikongoja" kimetokana na "kongwa", yaani mti wenye panda aliofungwa mtumwa shingoni.

Kabla ya kuikubali dhana hiyo, yafaa kutazama neno la Kiingereza "hobble". Neno hili lina maana mbili: kwenda kwa kuchechemea, na kumfunga mnyama miguu. Mtu angedhani kwamba kamba ndiyo iliyozaa mwendo. Historia yasema vingine. Katika Kiingereza cha Kati cha karne ya 14 neno hilo lilihusu kuyumba na kupanda na kushuka, kisha likaja kueleza mwendo wa kiwete. Maana ya kufunga iliingia katika karne ya 19, na yaelekea ilitokana na kuchanganywa na neno jingine, "hopple", lililokuwa na maana hiyo tangu karne ya 16. Kufanana kwa sauti ndiko kulikoyaunganisha.

Kwa Kiswahili, anayechechemea ana kasoro ya mguu. Anayejikongoja amepungukiwa na nguvu kwa uzee au ugonjwa, naye hutegemea mkongojo. Nomino hii imetoka katika kitenzi hicho. Lakini "kongwa" haliwezi kukizaa kitenzi hicho kwa urahisi, kwa kuwa Kiswahili hakina kinyambuo hai cha "-oj-". Kimaana pia viwili hivi vimeachana: kongwa humfunga mtu shingo, mkongojo humsaidia kusimama.

Mateso ya watumwa yana ushahidi wake katika maandishi na katika masimulizi ya jamaa zao. Hayahitaji kutiliwa nguvu kwa etimolojia ya kubahatisha. Kinyume chake, kosa moja la namna hiyo laweza kumpa asiyeyaamini sababu ya kuyatilia shaka yote.