Msumbiji: Jirani Hujulikana Siku ya Gharika

Tarehe 23 Mei 1983, ndege za vita za utawala wa Makaburu zilivuka mpaka kutoka Afrika Kusini na kuushambulia mji wa Matola, kando ya Maputo. Raia wasio na silaha waliuawa. Kwa wananchi wa Msumbiji wa miaka ile, mngurumo wa ndege kutoka nchi hiyo jirani ulikuwa na maana moja tu: kifo.

Haikutimia miaka kumi na saba, anga lile lile likaleta habari nyingine. Mwezi Februari 2000 mvua kubwa zilinyesha kusini mwa Msumbiji na katika nchi zinazopakana nayo. Tarehe 22 kimbunga Eline kikaikumba pwani. Mto Limpopo ukafurika, miji ya Chókwè na Xai-Xai ikaingiwa na maji, barabara zikakatika, na maelfu ya wananchi wakakimbilia juu ya mapaa na miti.

Helikopta za mwanzo kuwafikia zilitoka Afrika Kusini, nchi ambayo tangu 1994 ilikuwa chini ya serikali iliyochaguliwa na wananchi wake wote. Zilikuwa chache mno kulingana na ukubwa wa maafa. Rubani alilazimika kuituliza helikopta juu ya matawi, huku upepo wa panga zake ukiutikisa mti uliobeba watu, na askari akiteremshwa kwa kamba kuwachukua mmoja mmoja. Mizigo iliachwa, kwa kuwa kila furushi lilichukua nafasi ya mtu. Waliobaki walisubiri safari nyingine, bila ya hakika kwamba mti ungestahimili.

Tarehe 1 Machi mama mmoja alijifungua mtoto wa kike juu ya mti. Mganga wa jeshi akateremshwa, akakata kitovu cha mtoto pale pale juu ya maji, na wote wawili wakavutwa hadi ndani ya helikopta wakiwa hai.

Marubani wa Afrika Kusini waliokoa watu zaidi ya 14,000. Hata hivyo, watu wapatao 700 walipoteza maisha. Misaada mikubwa ya ndege kutoka Ulaya na Marekani iliwasili mwezi Machi, na katika gharika siku chache ndizo zinazotenganisha uhai na mauti. Aliye karibu, hata akiwa na vyombo vichache, ndiye anayewahi.

Kwa askari wa jeshi na wa polisi, historia hii ina fundisho lililo wazi. Helikopta haina urafiki wala uadui. Hutii mkono wa rubani, na rubani hutii siasa inayomtuma. Siasa ya ubaguzi iliwatuma marubani kuua Matola. Siasa ya ujirani mwema iliwatuma wenzao kuokoa maisha katika bonde la Limpopo.