Nyumba Yenye Tairi: Jinsi Watu Walivyojifunza Kuishi Peke Yao Barabarani

Quartzsite ni mji mdogo wa jangwani, magharibi mwa jimbo la Arizona nchini Marekani. Katika makaburi yake kuna piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Aliyezikwa hapo ni Haji Ali, mzaliwa wa dola ya Uthmaniya, aliyefika Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi la nchi hiyo lilitaka kuwajaribu kwa kubeba mizigo jangwani. Askari walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mradi ukafa, ngamia wakauzwa na wengine wakaachwa wazurure. Haji Ali hakurudi kwao. Aliendelea kutangatanga jangwani akitafuta madini mpaka alipofariki mwaka 1902, na serikali ya jimbo ikamjengea kaburi hilo katika miaka ya 1930.

Siku hizi, kila Januari, jangwa linalozunguka mji huo hujaa msafara wa aina nyingine. Yanakuja mabasi yaliyogeuzwa makazi, matrela ya kukokotwa, vani kuukuu zenye godoro nyuma na paneli za sola juu ya paa. Wamo humo watu wengi wanaosafiri peke yao, na miongoni mwao wanawake waliopita miaka 60 ambao waliuza au kupoteza nyumba, wakagawa vyombo, wakabaki na kile kinachoenea ndani ya gari. Wanaanza maisha upya katika umri ambao kwetu mtu hutarajiwa akae barazani aamkiwe shikamoo na wajukuu.

Nimeifuatilia historia ya watu hawa kwa sababu inanigusa, na jambo moja linajirudia katika kila sura yake. Hakuna aliyeweza kuishi barabarani peke yake mpaka wengine walipomtengenezea njia ya kuwa peke yake.

Chukua mfano wa yule ambaye historia ya karavani humtaja kwanza, Gordon Stables. Alikuwa Mskoti, daktari katika jeshi la wanamaji la Uingereza. Ujanani alihudumu katika meli zilizokuwa zikisaka majahazi ya watumwa kwenye pwani yetu ya mashariki ya Afrika. Baadaye aliacha bahari, akahamia kijiji cha Twyford na kuishi kwa kuandika hadithi za vijana. Mwaka 1885 kiwanda kimoja cha mabehewa mjini Bristol kilimkabidhi alichokiagiza: gari la mbao zilizong'arishwa, uzito wake karibu tani 2, lenye sebule, jiko na rafu ya vitabu, la kukokotwa na farasi wawili. Akalipa jina la Wanderer. Kiangazi hicho alisafiri nalo mpaka Inverness, kaskazini mwa Uskoti, safari ya kilomita zaidi ya 2,000, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu yake.

Kitabu hicho kiliwatia wengi hamu ya uhuru na upweke wa njiani. Lakini watazame aliosafiri nao daktari. Alikuwa na mwendesha farasi. Alikuwa na mtumishi, Foley, aliyetangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwatahadharisha waliokuwa wakija kwenye njia nyembamba. Alikuwa na mbwa mkubwa na kasuku. Upweke wake ulikuwa na wahudumu, na bila wao asingemaliza hata wiki.

Tena wazo lenyewe hakulibuni yeye. Waroma wa Uingereza, jamii ya wahamaji wa jadi, walikuwa wamekwisha kuishi ndani ya magari ya farasi tangu katikati ya karne ya 19, wakifuata misimu ya mavuno, minada ya farasi na kazi za ufundi. Stables aliyapenda magari yao, akaiga, hata akajisifu kuwa bwana mhamaji. Hapa ndipo historia hii inaponiuma. Mwaka 1907 waungwana wenye karavani waliunda klabu yao, na magazeti yakawasifu. Waroma, waliozaliwa ndani ya magari hayo, waliendelea kufukuzwa kutoka pembezoni mwa barabara. Sheria ya mwaka 1968 ilizipa halmashauri za Uingereza wajibu wa kuwatengea viwanja vya kuegesha. Sheria ya mwaka 1994 ikaufuta wajibu huo. Sheria nyingine ya mwaka 2022 ikawapa polisi nguvu zaidi dhidi ya wanaolala ndani ya magari kwenye ardhi ya wengine, na Mei 2024 Mahakama Kuu ya London ikaamua kwamba sehemu ya masharti yake inakiuka haki za Waroma na wahamaji wenzao. Aliyechagua kuhama alipigiwa makofi. Aliyerithi uhamaji kwa babu zake alipelekwa mahakamani.

Injini ilipochukua nafasi ya farasi, mambo yalikwenda mbio. Kampuni ya Eccles ya Birmingham ilianza kutengeneza matrela ya kukokotwa na motokaa mwaka 1919. Marekani, Wally Byam alitoa mwaka 1936 trela la bati la alumini lililopigwa ribiti, lenye umbo la mviringo, ambalo mpaka leo watu hulitambua kwa mbali: Airstream. Miaka hiyo ya mdororo mkuu wa uchumi, waliopoteza mashamba na kazi nao walihamia ndani ya matrela, na miji mingi ikatunga kanuni za kuwazuia.

Byam mwenyewe hakuamini katika kusafiri peke yako. Aliamini katika misafara. Uliovuma kuliko yote uling'oa nanga Cape Town mwaka 1959 ukiwa na matrela 41 yanayong'aa, ukielekea Cairo. Uliingia Kongo ya Wabelgiji miezi michache kabla ya uhuru wa nchi hiyo, ukapita Uganda na Kenya, ukafika Ethiopia ambako Mfalme Haile Selassie aliupokea, na mwaka 1960 ukajipanga mbele ya piramidi za Misri kupigwa picha. Ilikuwa fahari ya watu wenye pesa, wengi wao mume na mke.

Septemba mwaka huohuo wa 1960, mwandishi John Steinbeck, akiwa na miaka 58 na moyo uliokwisha kumsumbua, aliondoka nyumbani kwake Sag Harbor na pikapu iliyofungwa kijumba mgongoni, akiwa na mbwa wake Charley. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1962, mwaka aliopewa Tuzo ya Nobel. Kizazi kizima cha wanaume kilikisoma na kutamani kufanya vivyo hivyo. Je, mwanamke aliyetamani?

Mwanamke wa Marekani wa miaka ile alikuwa na kikwazo ambacho Steinbeck hakukijua. Akienda benki kuomba mkopo wa gari, aliweza kuambiwa alete saini ya mume. Sheria iliyokataza benki kumbagua mkopaji kwa jinsia au kwa hali ya ndoa ilipitishwa mwaka 1974 tu. Mjane au aliyeachika alifika kwenye kiwanja cha matrela na kukuta kila meza imewekewa viti viwili viwili, na wake za watu wakimtazama kwa jicho la pembeni.

Ndiyo sababu ninamhesabu Edith Lane kuwa mtu mkubwa katika historia hii, ingawa jina lake halijulikani kama la Byam wala la Steinbeck. Mwaka 1969 Lane, akiwa msafiri wa peke yake, alianzisha chama cha wasafiri wasio na wenzi, wanawake kwa wanaume: Loners on Wheels. Shabaha yake ilikuwa wazi. Kila mtu ana gari lake, anapika kwake, analala kwake. Lakini mnaegesha pamoja, mnacheza dansi jioni, na gari la mmoja likiharibika wengine wanajua. Chama kikaweka sharti ambalo wengi huliona kali: wanachama wawili wakioana, wanatoka. Mimi naliona lilikuwa la busara. Lilimhakikishia mjane kwamba hapo hatafutiwi mume wala hashukiwi kutafuta. Chama kikaenea, kikapata kiwanja chake karibu na Deming, New Mexico.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko injini na tairi, nalo ni anwani. Sisi wa Afrika Mashariki tulizoea barua kwenda S.L.P. ya shule, ya kanisa au ya mjomba mwenye duka, na hakuna aliyetuuliza namba ya nyumba. Marekani, mtu asiye na anwani ya makazi alipata shida kupata leseni ya udereva, kusajili gari, kukata bima na kujiandikisha kupiga kura, na hundi ya pensheni ilikosa pa kumfuata. Mtu aliuza nyumba ili awe huru, na kumbe karatasi zake zote zilikuwa zimefungwa kwenye mlango wa nyumba ile.

Waliolifungua fundo hilo ni Kay na Joe Peterson, mke muuguzi, mume fundi umeme, waliohamia barabarani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 walianzisha chama cha Escapees. Huko Livingston, Texas, chama kilijenga huduma ya posta: barua za mwanachama zinafika hapo, zinakusanywa, kisha zinatumwa popote atakaposema yupo. Maelfu ya watu wakawa wakazi wa Livingston kisheria, wengi wao wakiwa mamia ya kilomita mbali. South Dakota nayo ikalegeza kanuni, hata ikatosha kuonyesha risiti ya kulala usiku mmoja katika jimbo hilo ili kupata leseni. Kwa mtu wa peke yake, ambaye hana mtoto wa kumpokelea barua, huduma hii ya posta ndiyo iliyofanya uhamaji uwezekane.

Suala la pa kulala nalo lilipata jibu. Ardhi kubwa ya jangwa la magharibi ni mali ya serikali kuu, na kwa kawaida mtu huruhusiwa kuegesha bure siku 14 kabla ya kuhama. Mwaka 1983 serikali ilitenga maeneo ya kukaa muda mrefu, mojawapo nje kidogo ya Quartzsite, na kwa miaka mingi ada ya msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, ilikuwa dola 180. Hakuna umeme wala maji ya bomba kwenye egesho. Kuna jua, na jua la Januari katika Arizona ni rehema kwa mifupa ya wazee.

Kisha likaja anguko la uchumi la mwaka 2008. Watu waliofanya kazi maisha yao yote walipoteza nyumba na akiba, na pensheni ya serikali haikutosha kodi ya nyumba. Bob Wells, aliyehamia ndani ya gari la mizigo huko Alaska mwaka 1995 baada ya ndoa yake kuvunjika, alikuwa amekwisha kuanza kuandika maelekezo kwa watu wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 aliwaita jangwani Quartzsite kwa mkutano alioupa jina la Rubber Tramp Rendezvous. Walikuja watu wachache, na ndani ya muongo mmoja wakawa maelfu. Ni shule ya porini. Wanafundishana kuunga betri na paneli za sola, kutumia choo cha ndoo, kuziba madirisha mwanga usionekane nje unapolala mtaani, kubadili tairi bila kumsubiri mtu. Baadaye wanawake wakawa na mkutano wao, ambako mada za usalama zinajadiliwa bila haya: uegeshe gari likitazama njia ya kutokea, ufunguo uwe mkononi, moyo ukikwambia ondoka, uondoke saa hiyohiyo.

Mwandishi Jessica Bruder aliishi na watu hawa, na kitabu chake cha mwaka 2017, Nomadland, kiliwaonyesha wakifanya kazi za msimu: kuvuna viazisukari vya kutengenezea sukari, kutunza kambi za hifadhi, kupanga bidhaa kwenye maghala ya Amazon kabla ya Krismasi wakiwa na miaka 65 au 70. Filamu iliyotokana nacho, ya Chloé Zhao, ilishinda Oscar ya filamu bora Aprili 2021, na ndani yake Bob Wells na baadhi ya wahamaji waliigiza kama wao wenyewe. Mandhari yake ni mazuri mno, na nakiri uzuri huo unanitia wasiwasi. Bibi wa miaka 70 anayesimama kwa muda wa saa 10 ghalani ili apate pesa ya petroli ana ujasiri wa kweli, lakini ujasiri wake haufuti deni la nchi aliyoitumikia. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala mahali pa umma hata kama hawana pengine pa kwenda, na sheria ya mji wa Grants Pass iliyobishaniwa katika kesi hiyo ilihesabu hata kulala ndani ya gari kuwa ni kupiga kambi.

Msomaji wa huku kwetu lazima ana swali moja tangu mwanzo: akiugua, nani atamtazama? Escapees walijiuliza vivyo hivyo, kwa kuwa waanzilishi walizeeka pamoja na chama. Katika miaka ya 1990 walifungua kituo cha CARE hapohapo Livingston. Mzee asiyeweza tena kuendesha huingiza gari lake kwenye egesho, linaunganishwa maji na umeme, naye anaendelea kuishi ndani yake. Chakula kinapikwa ukumbini. Anayehitaji kwenda kwa daktari anapelekwa na watu wa kujitolea, ambao wengi wao ni wahamaji wanaopewa nafasi ya kuegesha kwa malipo ya kazi hiyo.