Kaizari Kiganjani: Picha Ndogo ya Mtawala na Rupia ya Mjerumani

Katika majumba ya kifalme ya Ulaya, picha ndogo ya mwanamfalme aliyevaa sare ya jeshi ilikuwa tunu. Ilichorwa juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu, ikatiwa ndani ya kidani, kisha balozi, ndugu au mchumba akapewa. Udogo wake ndio uliokuwa heshima yake, kwa kuwa aliyeipokea alijua ameteuliwa. Sura ya aina hiyo ilifika pia Suguti na Majita, nchi iliyosimamiwa kutoka Mwanza wakati wa Wajerumani, ila ilifika juu ya rupia ya fedha. Hoja ya makala haya ni kwamba maana ya picha ya namna hii haitokani na mkono wa msanii peke yake, bali na njia iliyopitia hadi kumfikia mtu. Na rupia ya Mjerumani ilipita njia ya deni.

Rupia hiyo ilianza kutolewa mwaka 1890 na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upana wake ni milimita 30 hivi. Upande mmoja yuko Kaizari Wilhelm II, kifua kikiwa na vazi la kijeshi, kichwani kofia ya chuma yenye tai kileleni, na cheo chake kimeandikwa kwa Kilatini. Pesa ya shaba ya kampuni hiyohiyo haina sura ya mtu kabisa: ina tai wa dola upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijria 1307. Tofauti hii ni ushahidi mzito. Waliotoa pesa ile walijua kuzungumza na watu wa pwani kwa hati waliyoizoea, kama riyali ya Sultani Barghash, iliyopambwa kwa maandishi tu, ilivyokuwa ikizungumza nao. Kwenye fedha waliacha mazungumzo, wakamwonyesha askari aliye juu ya askari wote.

Atakayepinga atasema watu walitazama fedha, si uso; mbona riyali ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia na mwaka uleule wa 1780, ilipokelewa bila kumtia mtu hofu? Mfano huo unaiimarisha hoja. Maria Theresa aliletwa na biashara, na hakuna mkulima aliyedaiwa kodi kwa jina lake. Wilhelm alikuja na amri ya kodi ya nyumba ya 1897. Mwanzoni mazao na kazi viliweza kukubaliwa, lakini kadiri taslimu ilivyodaiwa, mtu alilazimika kuuza pamba, samaki, ngozi au nguvu zake ili aipate sura ile, kisha airudishe kwa walioileta. Mchumba wa Ulaya aliitunza picha maisha yake yote; mlipakodi aliishika ili aipoteze. Ni kweli kwamba aliyetisha alikuwa askari mlangoni, si kofia iliyochorwa. Lakini askari huyo naye alilipwa mshahara wake kwa rupia zizo hizo, hivyo sura moja ilimlipa mdai na kumbana mdaiwa.

Lugha nayo ina neno lake. Mwaka 1904 rupia iligawanywa kuwa heller 100, na sarafu hizo ndogo zilikuwa na taji bila uso. Kutoka jina hilo la heller tukapata neno «hela», ambalo leo lasemwa Musoma na Mombasa bila mtu kumkumbuka Kaizari. Sura ya mtawala nayo ilibadilika: mwaka 1966 ikatoka shilingi ya Tanzania yenye kichwa cha Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mwana wa Mtemi Nyerere Burito aliyeshika utemi zama za Wajerumani. Kichwa hicho hakina kofia wala sare, na upande wa pili mkono umeushika mwenge.