"Nimetuma" Sio "Imeingia": Vile Kompyuta Ziliacha Kusubiri Diski

Watu wangu, simu ikihang sisi hulaumu RAM. Lakini mara nyingi prosesa iko sawa kabisa, imekaa tu ikingoja memori ya kuhifadhia imalize kazi. Stori ya vile kompyuta zilijaribu kutoka kwa hiyo foleni ni tamu, na ndani yake kuna kitu kinachotupotezea kazi na pesa mpaka leo. Mimi niliacha campo mwaka wa pili, kwa hivyo hii si lekcha. Twende pole pole.

Tuanze 1956. IBM inatoa diski ya 350, sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC. Sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja nzuri ya simu yako ingeijaza. Kufikia rekodi moja ilichukua kama milisekunde 600, kwa sababu kulikuwa na mkono wa chuma uliopanda na kushuka ukitafuta sahani.

Sasa fikiria prosesa ikingoja huo mkono. Njia rahisi ya kungoja ilikuwa kuuliza bila kuchoka: umemaliza? Bado. Umemaliza? Bado. Na si ati diski za juzi ziliondoa shida. Ile ya kuzunguka, iliyo kwa laptopu nyingi za mitumba, huchukua karibu milisekunde 10 kupata data. Kwa huo muda prosesa ya 3 GHz inapiga mizunguko milioni 30. Kama mzunguko mmoja ungekuwa sekunde moja, hiyo ni siku 347. Yaani umtume mtu dukani, halafu usimame mlangoni karibu mwaka mzima bila kufanya kitu kingine.

Suluhisho ni lile kila mtu aliyelelewa Rongo ama Ndhiwa anajua: poshomill. Ukikuta watu ni wengi, unaacha mahindi yako na jina, unaenda sokoni, zikisagwa unaitwa. Kwa kompyuta, huko kuitwa ndiko intarapti. Kifaa kinaikatiza prosesa na kusema, yako iko tayari. DYSEAC ya Marekani, mwaka wa 1954, ilikuwa kati ya mashine za kwanza kufanya hivyo. Kufikia 1964, IBM ilipotangaza System/360, kulikuwa na chaneli maalum za kubeba data huku prosesa kuu ikiendelea na hesabu zake.

Halafu 1969 Unix ikaanza pale Bell Labs, na huko ndiko draiva ya diski ilipata umbo tunalolijua. Draiva ni programu inayoongea na kifaa kwa niaba ya mfumo mzima. Ilikuwa na nusu mbili. Nusu ya juu inapokea ombi, inaliweka kwa foleni, inarudi kuendelea na mambo yake. Nusu ya chini inaamshwa na intarapti diski ikimaliza, inaamsha programu iliyokuwa imelala ikingoja, kisha inaanzisha ombi linalofuata. Linux ya Linus Torvalds, 1991, ilishika njia hiyo hiyo. Na Android imejengwa juu ya Linux, kwa hivyo hii si historia ya wazungu wa mbali, iko mfukoni mwako.

Ukishakuwa na foleni, unaweza kuipanga. Chukua matatu inayotoka Homa Bay kwenda Migori. Abiria wa kwanza kupanda anashuka Migori, wa pili Rongo, wa tatu Awendo. Dereva akifuata mpangilio wa kupanda, atapita Rongo na Awendo mpaka Migori, arudi Rongo, halafu ageuze tena aende Awendo. Hakuna dereva mwendawazimu hivyo. Anashusha watu kulingana na barabara. Draiva za diski zilifanya hivyo hivyo, zikipanga maombi kulingana na mahali data imekaa kwenye sahani. Baadaye diski za SATA zikajifunza kujipangia zenyewe, hadi maombi 32 kwa wakati mmoja.

Kisha SSD zikaja na mambo yakageuka. Hakuna mkono, hakuna sahani, jibu linatoka kwa makumi ya mikrosekunde. Ghafla mchelewaji akawa ni programu yenyewe. Linux ilikuwa na foleni moja kwa kila diski, na prosesa zote ziligombania kufuli moja ya hiyo foleni. Ni kama benki iliyoajiri makarani 32 halafu ikaacha mlango mmoja wa kuingilia.

Mwaka wa 2011 kiwango cha NVMe kikatoka, kikiruhusu foleni zaidi ya 65,000, kila moja ikibeba maombi zaidi ya 65,000. Mwaka wa 2013 Matias Bjørling, Jens Axboe na wenzao wakaandika jinsi Linux ingeweza kuipa kila prosesa foleni yake, na Januari 2014 kazi hiyo ikaingia Linux 3.13. Mei 2019 Axboe akaleta io_uring kwenye Linux 5.1. Hapo kuna duara mbili: moja programu inaweka maombi, nyingine mfumo unaweka majibu, na hakuna anayesimama kumsubiri mwenzake.

Hapa ndipo simu yako inaingia. Simu nyingi za bei ya chini hutumia memori ya eMMC, ambayo kwa miaka mingi ilishughulikia amri moja kwa wakati. Foleni ya amri ililetwa na toleo la 5.1, mwaka wa 2015. UFS, iliyoanza 2011, ilikuja na foleni, na inaweza kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Kwa hivyo ukienda kununua simu, usiulize GB pekee. Uliza ni eMMC ama UFS. Muuzaji akikosa jibu, itafute mwenyewe kabla hujatoa doo.

Lakini kutosubiri kuna bei yake, na hapa ndipo nina maoni makali.

Ukikopi faili, mfumo unaweza kukuambia imeisha wakati data bado iko kwa RAM ikingoja kuandikwa. Linux kwa kawaida inaweza kukaa na data hiyo kama sekunde 30 kabla ya kuisukuma kwa diski. Nimesaidia watu kwa cyber Homa Bay na nimeona hii mara nyingi. Mtu anakopi barua za kazi, mstari unafika mwisho, anachomoa fleshi na kukimbilia gari ya Kisumu. Akifika, faili haifunguki. Stima ikipotea ghafla, ni hadithi ile ile. Hakuna virusi wala uchawi hapo. Ombi lilipokelewa, kazi haikuisha.

Kuna amri inaitwa fsync, ya programu kuuambia mfumo: usinijibu mpaka data ifike kwa diski. Hata hiyo imewahi kuwadanganya wakubwa. Mwaka wa 2018 watengenezaji wa PostgreSQL, moja ya hifadhidata zinazoaminika zaidi duniani, waligundua kwamba fsync ikifeli kwenye Linux, ukiijaribu tena inaweza kukujibu kwamba yote ni sawa, na data ishapotea. Mwaka uliofuata walibadilisha programu: fsync ikifeli, hifadhidata inajizima na kuanza upya kutoka kwa kumbukumbu zake, badala ya kuamini jibu la pili.

Sasa vijana wenzangu mnaounda mifumo ya malipo Migori, Mbita, popote. Daraja ya M-Pesa, iliyofunguliwa 2017, inafanya kazi kwa mtindo huu huu. Ukimtumia mteja ombi la kuweka PIN, jibu la kwanza linasema tu kwamba ombi lako limepokelewa. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, kwenye anwani uliyotoa. Mfumo ukitoa risiti kwa jibu la kwanza, mteja anaweza kukataa kuweka PIN na bado aondoke na gunia la omena. Hiyo hasara haimwangukii aliyeandika programu, inamwangukia mwenye duka.

Mama mboga hana shida hii. Ukimwambia "nimetuma", anakuchekea na kuangalia simu yake mwenyewe. Hajasoma draiva, lakini anajua nani ana haki ya kusema pesa imeingia: ni aliyepokea, si aliyetuma.

Msimamo wangu ni huu. Kutosubiri ndiko kulikofanya kompyuta ziwe na kasi, na hatutaki kurudi nyuma. Lakini jibu la haraka ni ahadi tu, na ahadi hufuatiliwa. Toa fleshi kwa utaratibu. Ukiandika programu, ngoja jibu la pili ndio utoe mzigo.