Homa iliyopewa jina Newala (Sehemu ya 4)

Tunaendelea.

Kuna swali naulizwa kila mvua zikianza: "Nesi, mtoto amepimwa malaria hana, homa bado inawaka, mbona hajaandikiwa antibiotiki?" Jibu lake linaanzia kusini ya nchi yetu, zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Mwaka 1952, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde kule Newala, karibu na mpaka wa Msumbiji, ilizuka homa ya ghafla. Mtu anaamka mzima, jioni hawezi kunyanyuka. Vifundo vya mikono, magoti, nyayo, vyote vinauma, na anayejitahidi kutembea anatembea amejikunja. Wenyeji wakaiita chikungunya, kutokana na neno la Kimakonde la kujikunja. Utakuta sehemu nyingine wameandika kwamba ni neno la Kiswahili. Wamakonde wapewe haki yao jamani, maana leo madaktari wa India na Brazil wanatamka Kimakonde bila kujua.

Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa wale, na mwenzake Lumsden akaandika habari za mbu. Maandiko yote mawili yalitoka 1955. Virusi wenyewe walipatikana kwenye damu ya mgonjwa, kazi iliyofanywa na Ross wa taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, Uganda. Lakini kwangu mimi jambo kubwa ni lile la Lumsden. Newala ilikuwa na shida ya maji. Maji yanatoka mbali, yakifika yanatunzwa ndani ya nyumba. Na ndani ya vyombo vile ndimo alimokuwa akizaliana mbu wa Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Yaani familia ilikuwa inalala na maji yake na mbu wake chumba kimoja.

Homa yenyewe huenda ni ya zamani zaidi ya jina lake. Mwaka 1870 Unguja ilipigwa na homa ya kuvunja viungo ambayo watu waliiita kidinga pepo. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika kwamba wazee waliikumbuka homa ya namna hiyohiyo na jina hilohilo kutoka miaka ya 1820. Wapo wataalamu wanaosema neno dengue limetokana na hilo kidinga, wengine wanabisha. Mwaka 1971 mtafiti anayeitwa Carey alizipitia habari zile akaona maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu yanafanana zaidi na chikungunya kuliko dengue. Mimi naegemea kwake. Na tukumbuke Unguja na Bagamoyo zilikuwa mwendo wa jahazi tu, na jahazi hubeba maji ya kunywa.

Sasa turudi kwenye antibiotiki. Bakteria ni kiumbe kamili: anakula, anajenga protini zake kwa mitambo yake. Antibiotiki nyingi zinavunja mitambo hiyo. Virusi hana mitambo. Fikiria mtu ameingia jikoni kwako na karatasi ya mapishi tu mfukoni. Sufuria yako, mkaa wako, mchele wako, na wewe mwenyewe ndiye unapika. Virusi wa chikungunya ana karatasi fupi sana, herufi kama 12,000 hivi, wakati ya binadamu ina bilioni tatu. Hawezi kujizalisha bila protini za seli zetu. Kwa hiyo antibiotiki haina cha kuvunja kwake.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitambua protini moja ya juu ya seli, Mxra8, ambayo virusi huyu anaishika ili aingie. Mwaka uliofuata watafiti wa Ufaransa wakaonyesha kwamba akishaingia anahitaji nyingine, FHL1. Hiyo FHL1 ipo kwa wingi kwenye misuli! Panya waliotolewa protini hiyo hawakuugua. Hata seli za watu wenye ugonjwa fulani wa kurithi wa misuli, ambao FHL1 yao ina hitilafu, virusi alishindwa kuzaliana vizuri ndani yake. Huenda ndiyo sababu maumivu yanakaa kwenye misuli na viungo, kama walivyoona Newala.

Mwaka 2004 homa hii ilitokea Lamu. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wakatunza maji majumbani, hadithi ileile ya Newala. Waliopimwa damu baadaye, watatu kati ya wanne walikuwa wameshaambukizwa. Ikashuka Mombasa, ikavuka Komoro 2005, ikafika kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya watu waliugua. Huko ndiko kulipatikana somo linalotuhusu sana sisi wa wodi ya wazazi. Mama akijifungua huku virusi wapo kwenye damu yake, karibu nusu ya watoto waliambukizwa, na upasuaji haukuwakinga. Mtoto anazaliwa mzuri kabisa, analia vizuri. Siku ya tatu hadi ya saba ndipo homa inaanza, anakataa kunyonya, akiguswa analia kama anaumia. Wengine ubongo uliathirika.

Kwa hiyo mjamzito uliyekaribia, ukipata homa na maumivu ya viungo, waambie wanaokuzalisha hata kama homa imeshuka. Ukiruhusiwa kurudi nyumbani, mwangalie mtoto wiki nzima, na dalili hizo zikitokea usingoje asubuhi. Kunyonyesha endelea.

Kwenye maumivu, anza na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziache mpaka mhudumu aseme, kwa sababu dengue inaanza vilevile, na dengue inaweza kutoa damu. Dar es Salaam iliiona mwaka 2014 na tena 2019.

Na maji. Kuanzia Mapinga, Kerege hadi huku mjini Dunda, nani hana pipa au ndoo za akiba? Weka mfuniko unaobana. Kumwaga peke yake hakutoshi, maana mayai ya mbu huyu yanaganda ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanavumilia ukavu kwa miezi. Sugua kuta kwa brashi kila wiki, halafu ndipo ujaze.

Sehemu ya 5 ni Alhamisi, nikitoka zamu ya usiku.